Picha Inayosomeka: Namna ya Kuipanga Kamera Ili Mali Yako Itambulike

Miongoni mwa vitu ambavyo wananchi wa senta za mpakani hutuletea mezani, vingi siku hizi ni picha. Aliyeibiwa pikipiki huleta picha. Mfugaji aliyepotewa na ng'ombe huleta picha. Mzazi anayemtafuta mtoto aliyepotea siku ya soko huleta picha. Tunazipokea kwa shukrani, kwa kuwa maelezo ya mdomo yana mipaka yake: ukisema ng'ombe ni mwekundu mwenye baka, umewataja nusu ya ng'ombe wa wilaya. Hata hivyo, nyingi kati ya picha hizo haziwezi kuifanya kazi iliyokusudiwa. Pikipiki inaonekana, mwenyewe amesimama kando yake kwa furaha, bendera za harusi ya jirani zinapepea nyuma yao. Lakini namba ya fremu, ambayo ndiyo askari wa upande wa pili wa mpaka angeihitaji kabla ya kuirudisha pikipiki kwa mwenyewe, ni mstari wa kijivu usiosomeka.

Kasoro hiyo haitokani na bei ya kamera. Katika senta zetu, kuanzia Busia na Malaba hadi Mutukula, Katuna na Mpondwe, wamo vijana wanaopiga picha za pasipoti, za harusi na za mahafali kwa kamera za DSLR za kuanzia, kama vile Canon EOS 2000D au Nikon D3500, nyingine zikiwa zimenunuliwa zikiwa zimetumika. Kamera hizo zina pikseli zipatazo milioni 24, na lenzi ya milimita 18 hadi 55 inayouzwa pamoja nazo inatosha kabisa kuisoma namba iliyochongwa kwenye chuma. Kinachoharibu picha ni kuiacha kamera ijiamulie yenyewe kila jambo. Makala haya tunawaandikia wapiga picha hao, pamoja na wananchi watakaowaita wawapigie picha mali zao kabla hazijaibwa. Maana baada ya wizi hakuna tena cha kupiga.

Kamera huongoza mwanga kwa mambo matatu. La kwanza ni upana wa tundu la lenzi, unaoandikwa kwa namba kama f/5.6, f/8 au f/11. Namba inapokuwa kubwa, tundu huwa dogo. La pili ni muda ambao shata hukaa wazi, unaohesabiwa kwa sehemu za sekunde. La tatu ni ISO, yaani kiasi ambacho kamera inakuza mwanga ulioingia. Ukipunguza kimoja, sharti uongeze kingine, ama sivyo picha itakuwa nyeusi. Swali lote la picha iliyo wazi ni hili: kati ya vitatu hivyo, kipi tukubali kukipoteza?

Sisi tunajibu bila kusita: poteza usafi wa ISO, usipoteze kasi ya shata. Wapiga picha wengi wamefundishwa kuiogopa ISO ya juu kwa sababu huleta chengachenga, zile punje ndogo zinazofanana na mchanga. Ni kweli kwamba chengachenga hazipendezi katika picha ya bibi harusi. Lakini namba yenye chengachenga bado husomeka, ilhali namba iliyotikisika imekwenda, wala hakuna programu itakayoirudisha jinsi ilivyokuwa. Programu zinazodai kunoa picha huongeza weusi pembezoni mwa mistari iliyopo. Tarakimu ambayo kamera haikuinasa hukisiwa tu. Na kukisia namba ya fremu ni jambo ambalo hakuna ofisa atakayekubali kulisimamia mahakamani.

Basi shata iwe ya kasi gani? Mikono ya binadamu hutetemeka, hata ya kijana mwenye afya, na mtetemeko huo huonekana zaidi kadiri lenzi inavyovuta karibu. Kanuni ya zamani husema kwamba kasi ya shata isipungue moja chini ya urefu wa lenzi kwa milimita. Kanuni hiyo ilitungwa kwa filamu ya milimita 35. Kihisio cha kamera hizi za kuanzia ni kidogo zaidi ya filamu hiyo, kwa hiyo urefu wa lenzi huzidishwa kwa 1.6 kwenye Canon na 1.5 kwenye Nikon. Lenzi ikiwa imevutwa hadi milimita 55, hesabu ya Canon huleta 88, yaani shata isiwe chini ya 1/100 ya sekunde. Hicho ni kiwango cha chini kabisa kwa mtu aliyesimama imara, viwiko vikiwa vimebana mbavuni. Tunashauri 1/125 au zaidi kwa kitu kisichosogea, na tutaona hivi punde kwamba ng'ombe anadai mengi kuliko hayo.

Lenzi nyingi za aina hii zina kifaa cha kutuliza mtikisiko, chenye swichi iliyoandikwa IS au VR. Katika baadhi ya lenzi za Nikon swichi haipo, na kifaa huwashwa kwenye menyu. Kiwashwe unaposhika kamera mkononi, kizimwe unapoiweka kwenye stendi ya miguu mitatu. Lakini wengi hukielewa vibaya. Kifaa hicho hutuliza mikono yako wewe. Hakimtulizi mtoto anayeruka wala ndama anayetikisa kichwa.

Namna nyepesi ya kuyaweka haya yote ni kugeuza gurudumu la juu ya kamera liache ile alama ya kijani na kwenda kwenye A, au Av kwa Canon. Hapo wewe huchagua tundu, na kamera huchagua shata. Weka f/8. Lenzi ya milimita 18 hadi 55 huwa dhaifu kidogo tundu likiwa wazi kabisa, hasa pembeni mwa picha, na hutoa picha iliyo wazi zaidi kati ya f/8 na f/11. Ukipita f/16, mwanga unapopenya tundu jembamba hutawanyika na picha nzima hulegea. Kwa hiyo dhana kwamba namba kubwa zaidi ni bora zaidi haina msingi. Baada ya hapo tazama shata iliyochaguliwa na kamera. Jua la saa sita mchana, f/8 na ISO 100 zitakupa takriban 1/400, na hakuna la kuhangaikia. Chini ya mwembe kivuli hushusha kasi hadi karibu 1/50. Pandisha ISO hadi 400, nayo itarudi 1/200. Ndani ya duka lenye balbu moja, hata ukifungua tundu hadi f/5.6, ISO 100 huweza kuliacha shata wazi kwa nusu ya sekunda nzima, na hapo hata sanamu ingetoka na ukungu. ISO 3200 huirudisha kwenye 1/60 hivi, ambayo kwa lenzi iliyorudishwa milimita 35 inatosha. Afadhali zaidi ni kuitoa mali nje ya duka.

Tuje sasa kwenye pikipiki, ambayo ndiyo riziki ya nyumba nyingi mpakani. Jina lenyewe la bodaboda linahusishwa na Busia, ambako waendesha baiskeli waliwavusha abiria kutoka boda moja hadi nyingine. Namba ya fremu ya pikipiki za kisasa ina herufi na tarakimu 17. Herufi I, O na Q hazitumiki, ili zisichanganywe na 1 na 0. Lakini B na 8, S na 5, Z na 2 zimebaki, na katika picha legevu hizo ni kitu kimoja. Kosa la herufi moja tu huifanya pikipiki yako kuwa ya mtu mwingine.

Mara nyingi namba hiyo huchongwa kwenye shingo ya fremu, karibu na usukani, na namba ya injini kwenye kasha la injini. Futa vumbi na grisi kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo. Usikwangue kwa msasa wala kwa kisu hata siku moja: chuma kilichokwanguliwa penye namba ni dalili ya kwanza ambayo mkaguzi huitafuta anaposhuku kwamba namba imebadilishwa, nawe utakuwa umejitengenezea mashaka juu ya mali yako halali. Usitumie flashi ya kamera kwa kuielekeza moja kwa moja. Chuma hung'aa na namba hupotea ndani ya weupe. Mwite mtu ashike tochi kando, mwanga upite juu ya chuma kwa mshazari, ili kila mchongo uwe na kivuli chake. Utashangaa jinsi namba iliyoonekana imefutika inavyojitokeza.

Kisha kuna jambo la umbali. Lenzi hizi nyingi huweza kufokasi hadi sentimita 25, umbali unaopimwa kutoka kwenye kihisio ndani ya kamera, wala si kutoka kwenye kioo cha mbele. Ukisogea karibu zaidi, kamera itahangaika na kukataa kupiga. Simama kiasi cha sentimita 40 na uvute lenzi hadi 55. Kwa umbali huo, sehemu inayoonekana wazi, kutoka mbele hadi nyuma, ni nyembamba mno: kwa f/5.6 ni sentimita moja hivi, kwa f/11 ni kama mbili. Shingo ya fremu ni ya mviringo. Namba ya katikati itakuwa wazi na za mwanzo na mwisho zitayeyuka. Hapa ndipo tunapoiacha f/8 na kwenda f/11, tukiilipia kwa ISO, na kuishika kamera sambamba na mstari wa namba bila kuinamisha. Ikiwa mstari unazunguka sana, piga picha mbili, moja ya kila nusu, zikutane katikati.

Fokasi nayo isiachiwe kamera. Ikiachiwa, hupenda kushika kilicho karibu zaidi, na kilicho karibu zaidi kwa kawaida ni nyaya za breki. Chagua nukta moja tu ya fokasi, ile ya katikati, ambayo kwenye kamera hizi ndiyo yenye uhakika zaidi. Kwa kitu kilichotulia, chagua AF-S kwenye Nikon, au One Shot kwenye Canon. Weka nukta juu ya namba, bonyeza kitufe nusu, ngoja mlio, kisha malizia bila kusogea mbele wala nyuma. Kwenye umbali wa sentimita 40, mwili ukiyumba kidogo tu baada ya mlio, fokasi imeshapotea. Ukiwa na stendi, au hata gunia la mchanga juu ya kigoda, washa skrini ya nyuma, kuza taswira hadi tarakimu zijae, zungusha fokasi kwa mkono, halafu tumia kipima muda cha sekunde mbili ili kidole chako kisiitikise kamera. Ni njia ya polepole, lakini kwa namba kongwe zilizolika ndiyo tunayoiamini.

Kwa ng'ombe, mpangilio hubadilika. Mnyama aliyesimama hasimami: hufukuza nzi, hutafuna, hupiga masikio. Weka 1/250 kwa aliyetulia na 1/500 kwa anayetembea, f/8 ikiwezekana, na uache ISO ipande yenyewe hadi 1600 au hata 3200. Katika Nikon nyingi unaweza kuiambia ISO ya kujiendesha isiruhusu shata kushuka chini ya kiwango fulani; kwa Canon 2000D ni rahisi zaidi kugeuza gurudumu hadi Tv na kuchagua kasi wewe mwenyewe. Fokasi iwe ya kufuatilia, AF-C au AI Servo. Piga kila mnyama ubavu wa kulia na wa kushoto, kwa kuwa mabaka hayafanani pande mbili. Piga chapa ya moto kwa karibu. Piga masikio yote mawili, yakionyesha mikato ya ukoo au hereni ya namba. Aliye na muda aongeze picha ya pua. Mistari ya pua ya ng'ombe haifanani na ya ng'ombe mwingine, kama ilivyo kwa alama za vidole vyetu. Ipanguse unyevu kwanza, mnyama akiwa ameshikwa vizuri, na upige kwenye kivuli ili isimetemete. Chapa inaweza kuchomwa upya juu ya nyingine na sikio linaweza kukatwa tena. Pua hubaki ilivyo.

Kuhusu watoto tutasema machache. Picha ya uso iliyo wazi, iliyopigwa miezi michache iliyopita, hutufaa kuliko picha nzuri ya miaka mitatu nyuma. Shata 1/250, nukta ya fokasi kwenye jicho lililo karibu na kamera, mtoto kivulini akiutazama uwanja wenye mwanga. Picha hiyo ibaki kwa wazazi. Haina sababu ya kusambazwa kabla ya haja.

Baada ya kupiga, usiridhike na skrini ya kamera. Ina inchi tatu tu kutoka kona hadi kona, na juu yake kila picha huonekana safi. Kuza hadi mwisho, usome namba kwa sauti mbele ya mwenye mali huku yeye akiifuata kwenye kadi ya usajili. Zikitofautiana, tatizo ni picha au ni kadi, na yote mawili ni heri yajulikane siku hiyo. Tunapendekeza pia kipande cha karatasi kilichoandikwa jina la mwenye mali na tarehe kiwekwe ndani ya picha moja ya jumla, na mwenyekiti wa LC I akiwepo, aone.

Mpiga picha ajue kwamba anaweza kuitwa kueleza kazi yake. Nchini Uganda, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2011 inaziruhusu rekodi za kielektroniki kuwa ushahidi, lakini mahakama hutazama jinsi rekodi ilivyotengenezwa na jinsi ilivyotunzwa. Nchini Kenya, kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataja cheti kinachotiwa saini na mtu mwenye dhamana ya kifaa kilichotumika. Kwa hiyo faili ya awali isiguswe: isipunguzwe, ising'arishwe, isipambwe. Kwenye menyu chagua JPEG ya ukubwa wa juu na ubora wa juu. Anayeweza kuhifadhi RAW pamoja nayo afanye hivyo. Nakala moja apewe mwenye mali, nyingine ibaki kwa mpiga picha. Ukiituma kwa WhatsApp, itume kama hati, wala si kama picha ya kawaida, kwa kuwa picha ya kawaida hubanwa njiani, na tarakimu ulizozihangaikia kwa f/11 hufika zikiwa madoa.

Tahadhari moja ya mahali: msizipige picha hizi penye vizuizi, ofisi za forodha, uhamiaji au kambi, hata kama mwanga wa hapo ni mzuri. Anayelazimika kupiga karibu na maeneo hayo amwombe ruhusa kwanza ofisa aliye zamu.

Linabaki suala la saa. Kila faili ya kamera hubeba ndani yake tarehe na saa iliyopigwa, na hiyo huwa na uzito mtu anapodai kwamba mali ilikuwa kwake kabla ya siku fulani. Betri ikikaa nje ya kamera muda mrefu, saa hurudi mwanzo. Tumeona picha za juzi zilizoandikwa mwaka ambao pikipiki yenyewe ilikuwa haijaundwa. Iangalieni kabla ya kazi. Kamera huhesabu saa 24 kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo saa mbili yetu ya asubuhi ni 08:00 kwenye menyu, na saa mbili ya usiku ni 20:00. Uganda, Kenya na Tanzania hutumia saa moja. Rwanda, mashariki ya Congo na Sudan Kusini wako nyuma yetu kwa saa nzima, Sudan Kusini ikiwa imebadilisha saa zake mwezi Februari 2021. Mpiga picha wa Katuna, Mpondwe au Elegu anayevuka kufanya kazi pande zote mbili asiibadilishe saa ya kamera kila anapovuka. Aiache kwenye saa ya nchi moja, na siku anapotuletea faili atuandikie kwenye karatasi ni ya nchi gani.